Baba Msikitini, Mama Kanisani: Yapi ya Kweli, Yapi Si Kweli

Hapa Tanzania ukiutafuta ukoo mkubwa wenye watu wa dini moja tu, utatafuta sana. Hesabu wajomba, mashangazi, mawifi na mashemeji: mtu wa swala tano ana ndugu wa damu ambaye ni mzee wa kanisa, na wote wawili wamo kwenye kamati moja ya arusi. Hata hivyo mtoto anayezaliwa katikati yao hukua akizungukwa na maneno. Shuleni, kipindi cha dini kikifika, wenzake wanagawanyika upesi na yeye anabaki ameshika daftari. Jirani anamwonea huruma asiyoihitaji. Shangazi anamnong'oneza kwamba kule upande wa pili hawampendi kwa dhati.

Nami nilikuwa mtoto wa namna hiyo. Baba yangu ni Mwislamu wa Pangani, mama ni Mlutheri wa Machame, nami nimekulia Tanga mjini. Maneno hayo nimeyasikia tangu sijajua kusoma, na yamewaumiza watu ninaowapenda. Nimeyachukua hapa yale yanayorudiwa zaidi, niyapime kwa yanayofahamika na kwa niliyoyaona.

"Nyumba za dini mbili ni mambo ya siku hizi, yameletwa na mjini"

Si kweli. Nenda Masasi. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa misheni ya Kianglikana ya UMCA, yule yule aliyeandika vitabu vya kufundishia Kiswahili, aliongoza msafara wa watu waliokombolewa utumwani kutoka Unguja kwenda bara, na wengi wao wakaweka makazi Masasi. Nchi ile ilikuwa tayari inapitwa na misafara ya biashara ya pwani, na Uislamu uliingia kwa njia hizo hizo. Baada ya muda, miongoni mwa Wayao na Wamakua wa huko, Waanglikana na Waislamu walikuwa watu wa koo zile zile, wakizikana na kuozana.

Kilichotokea baadaye kinanigusa zaidi. Kijana aliyebatizwa bado alitaka kwenda jandoni, kwa kuwa bila jando hakuhesabiwa mtu mzima. William Vincent Lucas, askofu wa kwanza wa Masasi kuanzia 1926 hadi 1944, hakulipiga jando marufuku. Aliliingiza kanisani: likaendeshwa kwa sala na mbele ya mapadri, huku tohara, kukaa kambini na mafunzo ya wazee vikibaki. Kwa hiyo hata mtoto wa Masasi ambaye baba na mama yake walikuwa Waanglikana watupu alilelewa na mila mbili kwa wakati mmoja, na hakuna aliyemwita mchanganyiko.

Hapa ndipo watu wengi husahau. Tunapozungumzia dini mbili tunafikiria msikiti na kanisa, tunaiacha ya tatu, ile ya jadi, iliyokuwepo kabla ya zote. Julius Nyerere alizaliwa Butiama mwaka 1922, mtoto wa Mtemi Nyerere Burito wa Wazanaki, mtu mwenye wake wengi na asiyekuwa Mkristo. Kijana huyo alibatizwa Mkatoliki mwaka 1943, akiwa ameshakuwa mtu mzima, mwaka mmoja baada ya baba yake kufa. Malezi yake ya kwanza yote yalikuwa ya Kizanaki. Alikuja kuwa Mkatoliki wa misa za kila mara hadi mwisho wa maisha yake, na amelala Butiama kwenye ardhi ya wazazi wake. Sijui mtu anayethubutu kusema Mwalimu hakujua yeye ni nani.

Na wanaotaja idadi za nyumba hizi barazani, kwamba zimeongezeka mara hii au mara ile, wapunguze uhakika wao. Sensa ya Tanzania iliacha kuuliza watu dini zao baada ya mwaka 1967.

"Jina linatosha kukuambia mtu ni nani"

Si kweli, na jambo hili halihitaji maneno mengi. Kwetu jina la pili la mtoto ni la baba. Binti aliyebatizwa kwa mama yake na kuitwa Maria atajaza fomu kwa jina la Maria Hassan, na karani atamtazama mara mbili. Rehema, Baraka, Amani na Neema hupatikana kwenye sajili za madrasa na za shule ya Jumapili. Mwanamuziki ambaye dunia nzima inamfahamu kwa jina la Freddie Mercury alizaliwa Mji Mkongwe mwaka 1946 akiitwa Farrokh Bulsara, mtoto wa Kiparsi, wafuasi wa Zoroasta. Alisoma India katika shule ya bweni iliyoanzishwa na Waanglikana, akaishi Uingereza, akaimba kwa Kiingereza, na alipofariki mwaka 1991 mazishi yake yaliongozwa na makuhani wa dini ya wazazi wake. Jina alilojipa halikukuambia lolote kati ya hayo.

"Mtoto ni wa baba, na dini yake ni ya baba"

Inategemea unamwuliza nani. Ukimwuliza sheikh, atakuambia kwamba mtoto wa baba Mwislamu ni Mwislamu. Ukimwuliza padri, atakuambia kwamba Mkatoliki anayefunga ndoa na asiyekuwa Mkatoliki huahidi kufanya yote anayoweza ili watoto wabatizwe. Wote wawili wanasema kweli kwa mujibu wa dini zao, na kila mmoja anamzungumzia mtoto yule yule. Na hapo bado hujaenda kwa wazee wa kabila. Mchagga atakuambia mtoto ni wa ukoo wa baba. Mluguru, Mmakua au Mmakonde, ambao kwa jadi huhesabu ukoo kwa upande wa mama, atakuambia mtoto ni wa mama, na mwenye sauti juu yake ni mjomba.

Kama swali ni nini hutokea hasa, na si nini kinatakiwa kutokea, basi dai hili linaanguka. Mwaka 2016 kituo cha utafiti cha Pew kilichapisha matokeo kuhusu Wamarekani waliolelewa na wazazi wa dini au madhehebu tofauti, wakiwemo wale ambao mzazi mmoja hakuwa na dini kabisa. Asilimia 48 walijitambulisha kwa dini ya mama, asilimia 28 kwa ya baba, na asilimia 24 hawakufuata ya yeyote. Marekani si Tanga, wala sitaki kuzihamisha namba hizo zije zituhukumu. Lakini sababu yake ninaitambua bila kuvuka bahari. Anayemwamsha mtoto, anayemfundisha sala ya kulala, anayemvalisha nguo ya sikukuu ni nani? Kwetu baba alikuwa na kauli ya mwisho, na mama alikuwa na saa zote nyingine.

Tena angalia asilimia hizo upya. Zaidi ya watu saba kwa kila kumi walishika njia ya mmoja wa wazazi wao, ingawa kwa baadhi njia hiyo ilikuwa kutokuwa na dini. Wale wanaosema kwamba nyumba ya dini mbili humwacha mtoto bila njia wana kazi ya kueleza hilo.

"Watoto hawa hukua wamechanganyikiwa, hawako huku wala kule"

Hili ndilo dai linaloumiza kuliko yote, kwa sababu husemwa kwa sauti ya huruma. Si kweli kwa namna linavyosemwa, ila ndani yake mna kitu cha kweli ambacho nitakifikia.

Wazo lenyewe lina mizizi hata katika vitabu vya wasomi. Mwaka 1928 Robert Park, mwanasosholojia wa Chicago, aliandika juu ya mtu anayeishi kwenye mpaka wa tamaduni mbili bila kuwa mwenyeji kamili wa yoyote. Park mwenyewe aliona faida pia kwa mtu huyo: upeo mpana, jicho la kuona mambo kwa mbali. Waliomfuata, hasa Everett Stonequist mwaka 1937, walikazia zaidi mahangaiko. Kwa miaka mingi picha ya mtu aliyevunjika ndani ndiyo iliyobaki.

Halafu watafiti wakaanza kupima badala ya kukisia. Mwaka 2013 Angela-MinhTu Nguyen na Verónica Benet-Martínez walikusanya matokeo ya tafiti 83 zilizohusisha watu zaidi ya 23,000 wenye tamaduni mbili, wengi wao wahamiaji na watoto wa wahamiaji. Walichokiona ni kwamba wanaoshika tamaduni zote mbili, kwa wastani, wako vizuri zaidi kiakili na kimaisha kuliko wanaoshika mmoja na kuuacha wa pili. Matokeo ya aina hii hayathibitishi kipi kimesababisha kipi. Huenda watu wenye raha ndio wanaoweza kushika vyote. Lakini mtu aliyevunjika kwa sababu tu ana asili mbili hakuonekana humo.

Sasa kitu cha kweli nilichokitaja. Katika kazi zake nyingine, Benet-Martínez amewagawa watu wenye tamaduni mbili kwa swali moja: je, unaziona pande zako mbili zinapatana au zinapigana? Wanaoona zinapigana ndio wanaohangaika. Na hali hiyo ya kupigana huambatana na mambo ya nje: kubaguliwa, mahusiano mabaya na watu, kuambiwa wewe si mwenzetu. Yaani vita anayoihisi mtu ndani mara nyingi ilianza nje yake, kwa watu wazima waliokuwa na majina na viti vya kukalia.

Sioni mfano mzito wa jambo hili kuliko wa Salme binti Said. Alizaliwa mwaka 1844 katika kasri la Mtoni, Unguja. Baba yake alikuwa Sayyid Said, mtawala wa Oman na Zanzibar. Mama yake, Jilfidan, alikuwa suria kutoka nchi ya Wacherkesi, karibu na Bahari Nyeusi, aliyetekwa angali mtoto. Ndani ya kasri zilisikika lugha nyingi kuanzia Kiarabu na Kiswahili hadi Kituruki na Kihabeshi. Salme alikulia humo, akajifundisha kuandika kwa siri wakati wasichana walifundishwa kusoma tu, na kumbukumbu alizokuja kuziandika kuhusu utoto huo zimejaa upendo. Mchanganyiko wa nyumba ile haukumvunja.

Kilichomvunja kilikuja baadaye. Mwaka 1866 aliondoka Zanzibar kwa kificho akiwa na mimba ya Rudolph Heinrich Ruete, mfanyabiashara wa Hamburg. Mwaka 1867 alibatizwa Aden kwa jina la Emily na kuolewa siku hiyo hiyo. Miaka mitatu baadaye mume alifariki katika ajali ya tramu, naye akabaki Ujerumani na watoto watatu wadogo, katika nchi ambayo baridi yake, sheria yake na lugha yake vilikuwa vigeni. Aliporudi Zanzibar mwaka 1885 na tena 1888, kaka yake Sayyid Barghash, na baada yake Sayyid Khalifa, hawakumpa urithi aliokuwa anaudai. Kwa ukoo wake alikuwa ameritadi. Kwa majirani wa Hamburg alikuwa binti wa mashariki wa kutazamwa. Katika barua zilizochapishwa muda mrefu baada ya kifo chake anaeleza uchungu wa kuiacha imani aliyoijua kabla hajaielewa ile aliyoingia.

Kitabu chake cha kumbukumbu kilitoka kwa Kijerumani mwaka 1886. Alikaa miaka mingi Jaffa na Beirut, akafariki Jena mwaka 1924. Mwanawe Rudolph, aliyezaliwa na kulelewa Ujerumani, alilichukua jina la babu yake na kujiita Said-Ruete. Huyo mtoto, mwenye damu ya Oman, Cherkesia na Hamburg, ndiye aliyeandika historia ya maisha ya Sayyid Said. Wanaodai kwamba watoto wa namna hii hawana kwao wamsome.

"Anayefunga Ramadhani huku na kuimba Krismasi kule ni mnafiki"

Si kweli, isipokuwa kama anamdanganya mtu. Watafiti wameona kwamba watu wenye tamaduni mbili hubadilisha namna ya kuyasoma mambo kulingana na mahali walipo na alama wanazoziona. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2002, Wachina waishio Marekani waliojiona wanapatana na pande zao zote walifikiri Kichina zaidi walipoonyeshwa alama za Kichina, na Kimarekani zaidi walipoonyeshwa za Kimarekani. Waliojiona wamegawanyika walifanya kinyume, kama mtu anayeisukuma alama hiyo mbali naye. Kubadilika kulingana na mahali kulikuwa dalili ya utulivu.

Mtoto wa Tanga hahitaji maabara kulijua hili. Kwa bibi mzaa baba nilivua viatu, nikatoa salamu ya "shikamoo" na kuongeza "asalaam aleikum" kwa wageni wa babu. Kwa bibi mzaa mama nilisubiri sala ya chakula kwanza. Sikumdanganya yeyote. Kila nyumba ilijua ninatoka wapi.

Wanaoumia hapa ni wale wanaoambiwa wafiche. Nimewahi kuona kijana aliyekatazwa kutamka nyumbani kwa baba yake kwamba alikwenda kwenye ubarikio wa binamu yake. Alikwenda kwa sababu anampenda binamu yake. Alirudi na kusema alikuwa mpirani. Unafiki huo walimfundisha watu wazima.

"Mungu ni mmoja, dini zote ni sawa, kwa hiyo hakuna anachopoteza"

Hili husemwa na watu wema, na ndiyo maana linanipa shida kulikataa. Lakini si kweli. Wakristo wanaamini Yesu alikufa msalabani na akafufuka, nao uzima wao wote unasimama hapo. Waislamu wanamheshimu Isa bin Maryam kuwa nabii mkubwa, na Qur'ani inakanusha kwamba alisulubiwa. Hizo si namna mbili za kusema jambo moja. Mtoto wa nyumba mseto hulitambua hilo mapema kuliko watoto wengine, labda akiwa na miaka tisa au kumi, na akiambiwa "yote sawa tu" anajua kwamba swali lake halikusikilizwa.

Ninachokitetea ni kuziheshimu tofauti zikiwa tofauti. Desemba tulikuwa tunapanda Machame kama Wachagga wote wa pwani wanavyofanya. Babu yangu mzaa mama, mtu wa kanisa tangu utoto wake, aliweka utaratibu ambao hakuna aliyeuliza: mbuzi wa Krismasi atachinjwa na mkwe wake Mwislamu, ameelekezwa kibla, ili nyama iweze kuliwa na kila aliyeko kihambani. Damu ilikingwa kwenye bakuli kwa ajili ya kisusio, ile supu ya damu, na kisusio kikapikwa kwenye sufuria yake. Baba hakula kisusio. Wajomba walikula. Babu hakujifanya kwamba damu ni halali kwa baba, wala baba hakujifanya kwamba anakuja kusherehekea kuzaliwa kwa mwana wa Mungu. Walikaa kwenye benchi moja wakazungumzia bei ya kahawa.

Jambo la kuchinja si dogo hata kidogo. Mwaka 2013 ugomvi juu ya nani mwenye haki ya kuchinja ulizua fujo mkoani Geita na ukaua mtu. Nyumba nyingi za Tanzania zilikuwa zimeshaupatia ugomvi huo jawabu miaka mingi nyuma, bila kamati wala tamko.

"Mkipendana, mambo mengine yatajipanga yenyewe"

Si kweli. Ningeomba kila kijana anayetaka kuoana na mtu wa dini nyingine asome sehemu hii mara mbili, kwa maana hapa ndipo watoto hulipa deni la ukimya wa wazazi wao.

Anza na ndoa yenyewe. Bara, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inatambua ndoa ya kidini, ya kimila na ya kiserikali, na hii ya mwisho, ambayo watu huiita ya bomani, haiwaulizi wanaooana kama ni wa dini moja. Hutolewa taarifa ya kusudio siku 21 kabla, pingamizi lisipokuwepo mnafunga. Serikali imemaliza kazi yake. Dini hazijamaliza. Mwanamume Mwislamu anaruhusiwa kumwoa Mkristo, lakini kwa wanazuoni walio wengi mwanamke Mwislamu haruhusiwi kuolewa na asiyekuwa Mwislamu. Mkatoliki anahitaji kibali cha askofu wake. Katika makanisa mengi ya Kiprotestanti aliyefunga ndoa nje ya kanisa husimamishwa Meza ya Bwana mpaka arudi kundini. Mama yangu alikaa miaka bila kushiriki, akienda ibadani kila Jumapili na kubaki kwenye benchi wenzake wakienda mbele. Tulimwona. Hakutueleza sababu, nasi tukajitungia: tulidhani ametenda dhambi kubwa, na mimi niliamini dhambi hiyo ni sisi watoto.

Halafu mirathi. Tanzania Bara kuna njia tatu: sheria ya Kiislamu, sheria ya kimila, na ile Sheria ya Urithi ya India ya mwaka 1865 ambayo tuliirithi kwa wakoloni. Penye ubishi, mahakama huangalia marehemu aliishi vipi na alikusudia nini. Kwa sheria ya Kiislamu asiyekuwa Mwislamu harithi kwa Mwislamu. Maana yake mjane Mkristo, au mtoto aliyebatizwa, anaweza kusimama kwenye matanga ya mtu aliyempenda kuliko wote na kuambiwa kwamba hayumo kwenye mgawo. Ziko njia ndani ya sheria hiyo hiyo: Mwislamu anaweza kuusia hadi theluthi ya mali yake kwa wasio warithi, na anaweza kutoa hiba akiwa hai. Lakini njia hizo zinamtaka mtu aliyezitumia mapema. Maiti haiandiki wasia.

Na mazishi. Wakenya wanaikumbuka kesi ya wakili S. M. Otieno, Mjaluo aliyefariki Nairobi mwezi Desemba 1986. Mjane wake, Wambui, Mkikuyu, alitaka amzike Ngong kwenye shamba lao. Ukoo wa Umira Kager ulitaka azikwe Nyalgunga, Siaya, kwa mababu zake. Kesi ilipanda mahakama baada ya mahakama, na mwili ukakaa mochwari hadi Mei 1987 ulipozikwa Nyalgunga. Ugomvi huo haukuwa wa dini mbili. Waligombana kwa mila. Ongeza juu ya hapo dini mbili, moja inayotaka maiti izikwe haraka ndani ya sanda, nyingine inayosubiri ndugu wafike kutoka mbali na jeneza lipite kanisani, kisha umfikirie mtoto wa marehemu. Ana saa chache za kuamua. Pande zote mbili zinamtazama yeye. Chochote atakachosema kitahesabiwa kuwa ndicho alichokuwa siku zote.

Sijaona kitu kinachomlazimisha mtu kujitangaza kuliko msiba wa mzazi ambaye hakusema anataka kuzikwaje. Watu waliokuwa na amani na nafsi zao kwa miaka arobaini nimewaona wakipasuka kwa saa hizo chache. Tena hawapasuki kwa sababu ya dini. Wanapasuka kwa sababu waliachiwa uamuzi ambao haukuwa wao.

"Mwacheni mtoto achague mwenyewe akikua"

Kweli, kwa upande wa haki. Katiba ya Tanzania, ibara ya 19, inampa kila mtu uhuru wa dini, na mtu mzima anayechagua njia yake asisumbuliwe na yeyote, hata akiacha zote mbili.

Si kweli kwa namna wazazi wengi wanavyolitumia. Kwao kauli hii ni mlango wa kutokea. Hawataki kugombana, basi hawamfundishi mtoto lolote: haendi madrasa, haendi shule ya Jumapili, hajui kwa nini bibi yake hufunga wala kwa nini mama yake hulia Ijumaa Kuu. Akifika miaka kumi na minane anaambiwa achague. Achague nini? Nimezungumza na vijana wa namna hii, na malalamiko yao hayafanani na yale niliyoyatarajia. Hawasemi walivutwa huku na kule. Wanasema hakuna aliyewavuta kabisa, na wanapokwenda misibani kwa ndugu hawajui waweke mikono wapi.

Wazazi wangu walichagua vingine, na sidhani ilikuwa rahisi kwao. Nilisoma juzuu amma kwa mwalimu wa jirani na nikajifunza katekisimu ndogo ya Luther kwa mama, katika nyumba moja, kila mmoja wao akijua. Kaka yangu ni Mwislamu hodari. Mimi niliishia kanisani. Dada yetu mdogo hajasema, na ana watoto wawili sasa. Mwaka jana alianza kumwuliza baba maswali ambayo sisi wakubwa hatukuwahi kuyauliza: alimwendeaje babu wa Machame mara ya kwanza, nani alikataa, kwa nini mama hakusilimu, nani aliamua majina yetu, naye baba anataka kuzikwa wapi na kwa utaratibu gani. Baba alijibu yote. Jibu la swali la mwisho aliliandika, akatia saini mbele ya mama na sheikh wa mtaa, na nakala moja anayo kaka, nyingine ninayo mimi.